Ikama ni nini, na kwa nini wakunga watano ni sawa na mmoja

Kaa na muuguzi mfawidhi wa wodi siku anayopanga rosta ya mwezi, utalisikia neno ikama kila baada ya dakika chache. Ikama ni idadi ya watumishi iliyoidhinishwa kwa kituo, kada kwa kada: madaktari wangapi, wauguzi wangapi, wataalamu wa maabara wangapi. Kwa hospitali ya serikali Tanzania, nafasi hizo huombwa kwenye bajeti ya mishahara, na hazijazwi mpaka kibali cha ajira kitoke.

Wengi huichukulia ikama kama hesabu ya vichwa, na hapo ndipo mipango inapoharibika. Tuseme wodi ya wazazi inataka mkunga mmoja tu awepo muda wote. Zamu ni tatu kwa siku: asubuhi, jioni na usiku. Kwa mwaka ni zamu 1,095. Mkunga wa siku tano kwa wiki ana siku 260 za kazi. Toa likizo yake ya mwaka, sikukuu, siku za kuugua na za mafunzo, zinabaki kama 220. Gawanya: watano. Yaani wakunga watano ili nafasi moja isibaki wazi! Na hapo hatujamgusa aliye kwenye likizo ya uzazi.

Kwa hiyo ukiambiwa wodi ina wakunga watano, ujue saa nane usiku yupo mmoja. Akiwa amemshika mama anayesukuma mtoto, yule aliyetoka kufanyiwa upasuaji saa tatu hana wa kumpima presha, na damu inayotoka chini ya kanga haionekani kwa mbali.

Hospitali za ngazi ya kati ndizo zinazoumia zaidi, hasa zinapopangwa upya. Kituo cha afya kinapandishwa hadhi kuwa hospitali ya wilaya, kinajengewa chumba cha upasuaji na wodi mbili mpya, na rosta inabaki na majina yale yale. Jengo limekamilika, ikama bado iko njiani. Kwenye takwimu za mwaka huduma imepanuka. Wodini, kila muuguzi ameongezewa vitanda.

Uzito wa vitanda hivyo umepimwa. Mwaka 2002, Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti wa hospitali 168 za Pennsylvania, Marekani: kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30. Miaka miwili baadaye jimbo la California likaanza kutekeleza sheria inayoweka kikomo cha wagonjwa kwa kila muuguzi.

Huko kikomo ni cha kila zamu, usiku na mchana. Ndiyo maana mimi, nikisomewa ikama ya hospitali, huomba pia rosta ya usiku.