Kuvumwani Iliyostawi kwa Moshi

Swali tunaloulizwa mara nyingi na wanaotembelea hebaria, yaani hifadhi ya sampuli kavu za mimea na kuvumwani, ni hili: je, mti uliojaa kuvumwani ni dalili ya hewa safi? Mara nyingi, ndiyo. Lakini kabla ya kujibu, mimi hutaka kujua kwanza ni kuvumwani ipi, maana kuna moja iliyowahi kutawala magome ya miti ya Ulaya kwa sababu hewa ilikuwa chafu.

Jina lake la kisayansi ni Lecanora conizaeoides. Kama kuvumwani zote, si mmea. Ni kuvu na mwani waliojenga mwili mmoja: kuvu huhifadhi maji na kumkinga mwenzake, mwani hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Zipo kuvumwani zinazoning'inia, kama zile ndevu za kijivu kwenye misitu ya Mlima Kilimanjaro, na zipo zenye umbo la majani. Hii ni ya kundi la ukoko. Imeshikamana na gome kiasi kwamba huwezi kuibandua bila kung'oa na gome lenyewe. Rangi yake ni kijivu cha kijani, na uso wake una chengachenga kama uji uliokaukia kwenye sufuria. Juu yake huota visahani vidogo vya kahawia iliyopauka, vyenye upana wa milimita moja hivi, na humo ndimo kuvu hutengeneza spora, chembe zake za kuzaliana.

Wataalamu wengi wanaamini kwamba makao yake ya asili ni milima ya Ulaya ya kati, hasa kwenye misonobari mifupi, Pinus mugo, inayomea kwenye vinamasi vya mboji. Si mahali pa starehe. Gome la msonobari kwa asili lina asidi nyingi na virutubisho haba, na kuvumwani nyingi hushindwa kuishi hapo. Hii ilizoea. Tena, uso wake hausharabu maji upesi. Matone huteleza na kudondoka.

Nchini Uingereza hakuna kumbukumbu zake za uhakika kabla ya miaka ya 1860. Baada ya hapo ikaanza kuonekana huku na huko, na kufikia katikati ya karne ya 20 ilikuwa imefunika mialoni, kuta na nyua za mbao kuzunguka miji ya viwanda. Kilichobadilika ni hewa. Makaa ya mawe yakiungua hutoa dioksidi ya salfa, gesi ambayo ikikutana na unyevu huwa asidi. Kwa kuwa kuvumwani hazina mizizi na hupata maji na madini yake kutoka kwenye mvua, ukungu na vumbi, kila kilichomo hewani huingia mwilini mwake. Gesi hii humwathiri mwani kwanza. Uwezo wake wa kutengeneza chakula ukiharibika, kuvu naye hafiki mbali. Wakati huohuo magome ya mialoni na miti mingine ya mabondeni yaliongezeka asidi hadi yakafanana na gome la msonobari wa mlimani. Majirani walikufa, na mgeni akakuta kila mahali pamefanana na kwao.

William Nylander, mtaalamu kutoka Finland aliyeishi Paris, aliandika mwaka 1866 kuhusu kuvumwani za Bustani ya Luxembourg. Aligundua kwamba bustani hiyo ilikuwa na aina ambazo sehemu nyingine za jiji zilikuwa hazina, akahusisha jambo hilo na ubora wa hewa. Kabla karne haijaisha, na za bustani hiyo zilikuwa zimetoweka.

Mwaka 1970, wanasayansi Hawksworth na Rose walitoa kipimo cha kukadiria dioksidi ya salfa hewani kwa kutazama aina zilizopo kwenye miti ya Uingereza. Katika kipimo hicho, pale ambapo wastani wa majira ya baridi ulifikia mikrogramu 150 hivi kwa mita ya ujazo, Lecanora conizaeoides ilikuwa bado imeng'ang'ania kwenye shina karibu na ardhi. Kwa kulinganisha, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani lilikipendekeza mwaka 2021 kwa saa 24 ni mikrogramu 40.

Moshi wa London wa Desemba 1952 uliua maelfu ya watu, na Sheria ya Hewa Safi ikapitishwa mwaka 1956. Salfa ilianza kupungua, kisha ikashuka sana makaa yalipoachwa majumbani na mitambo ya umeme ikawekewa vichujio. Ndipo mtawala wetu akaanza kuporomoka. Leo katika maeneo mengi alikotapakaa ni nadra kumwona, na ukimtafuta humpata kwenye misonobari, mibetula na mbao kuukuu. Sioni cha kusikitikia hapo. Amerudishwa kwenye magome yenye asidi yake yenyewe.

Hata hivyo si kila kilichorudi ni aina za zamani. Katika mabonde yenye ufugaji mkubwa, amonia kutoka kwenye mbolea hupunguza asidi ya gome na kuleta kuvumwani zinazopenda nitrojeni, kama Xanthoria parietina ya rangi ya njano inayokaribia chungwa. Mti hupendeza kwa rangi, ilhali hewa ina tatizo jingine.

Kwa hiyo ukitaka kuchunguza miti ya mtaani kwako, usihesabu tu madoa. Chukua kioo cha kukuzia mara kumi, andika aina ya mti, kimo kutoka ardhini na upande wa shina, kisha piga picha ukiwa umeweka rula kando. Usikwangue. Sampuli ya ukoko hukatwa pamoja na kipande cha gome, na kazi hiyo hufanywa kwa kibali.