Stafeli na kongosho: matunda yanaweza nini?

Majani ya mstafeli yaliyokaushwa siku hizi yanauzwa Nairobi kama majani ya chai, na ujumbe unaoyasindikiza kwenye WhatsApp ni uleule: stafeli inaua saratani mara 10,000 zaidi ya kemo, yaani dawa za hospitali za kuua seli za saratani. Wagonjwa wa kongosho na jamaa zao hutuonyesha ujumbe huo kwenye simu hapa kliniki, na hawastahili kuchekwa. Namba yenyewe haikuokotwa njiani. Ilitoka katika utafiti wa kemia uliochapishwa Marekani mwaka 1996. Lakini soma utafiti huo ulifanya nini. Watafiti walichuja kemikali moja kutoka kwenye mbegu za stafeli, si kwenye majani wala nyama ya tunda. Wakaitia kwenye seli za saratani ya utumbo mpana, si ya kongosho, na kuilinganisha na dawa moja ya kemo. Seli hizo zilikuwa kwenye chombo cha maabara. Hapakuwa na mgonjwa hata mmoja. Na mbegu zenyewe, iwapo kuna anayefikiria kuzisaga, zina sumu.

Kongosho lina urefu wa sentimita 15 hivi na limejilaza nyuma ya tumbo la chakula. Linatoa vimeng'enya vya kusaga chakula, na linatengeneza insulini, homoni inayodhibiti sukari kwenye damu. Magonjwa yake makubwa ni matatu: kuvimba kwa kongosho, ambako visababishi vyake vikuu ni pombe na vijiwe vya nyongo, kisukari, na saratani. Watu huyachanganya, na muuza dawa hafi moyo yakichanganywa, maana kwake chupa moja inatibu yote. Saratani ndiyo inayotisha zaidi. Kwa makadirio ya dunia ya mwaka 2022, watu zaidi ya 510,000 waligunduliwa kuwa nayo, na zaidi ya 460,000 walifariki kwa ajili yake. Kiungo kimefichika, kwa hiyo mgonjwa hufika hospitalini akiwa amechelewa.

Hata hivyo, kemikali za matunda si porojo. Karela, lile tunda chungu lenye vinundu ambalo halikosekani kwenye soko la City Park, lilijaribiwa Colorado, Marekani. Mwaka 2013 watafiti wa huko walieleza kuwa panya waliopewa juisi yake, baada ya kupandikizwa saratani ya kongosho ya binadamu, uvimbe wao ulikua pungufu kwa asilimia 60 hivi kuliko wa panya wengine. Juisi ilivuruga namna seli za saratani zinavyopata nishati, zikafa. Stafeli nayo ilijaribiwa Nebraska, hukohuko Marekani, matokeo yakachapishwa 2012, tena kwa seli na panya, na yakaonyesha mwelekeo huohuo.

Utafiti ninaoupenda kuliko yote ni wa Illinois, pia wa 2013, ingawa ulihusu kemikali zinazopatikana kwa wingi kwenye seleri na pasli, apijenini na luteolini. Ni za kundi la flavonoidi, kundi lilelile linalopatikana kwenye zabibu na matofaa. Seli za saratani ya kongosho zilipotiwa kemikali hizi kwanza, kisha dawa ya kemo saa 24 baadaye, dawa ilifanya kazi vizuri zaidi. Ila watafiti walionya kwamba zikitumiwa kwa wakati mmoja, zinaweza kupingana na dawa. Kwa hiyo kitu kilekile kinaweza kusaidia Jumatatu na kudhuru Jumanne, kutegemea dawa iliingia mwilini lini. Mtu anayekunywa juisi ya "kuimarisha kinga" asubuhi ya kemo hana namna ya kujua yuko upande gani.

Kuna pia suala la kiasi. Kwenye chombo cha maabara kemikali inaigusa seli moja kwa moja. Ukila, inapita tumboni, utumboni na kwenye ini, na kinachobaki kwenye damu huwa kidogo mno. Manjano tunayotia kwenye pilau yalipimwa hivyo huko Houston: wagonjwa 25 wa saratani ya kongosho walipewa kemikali yake, gramu 8 kila siku, na bado kiwango kwenye damu kilikuwa chini sana. Wawili tu ndio walioonyesha dalili za kufaidika. Matokeo yalitoka 2008. Hizo gramu 8 ni za kemikali iliyochujwa. Hakuna sufuria ya pilau inayofika hapo.

Wanaodai kwamba hospitali zinaidharau mimea hawajui kemo imetoka wapi. Paklitakseli, ambayo muundo wake mmoja uliidhinishwa Marekani kwa saratani ya kongosho mwaka 2013, asili yake ni magome ya mti wa huko. Irinotekani, kemo nyingine, ilitokana na kemikali ya mti wa Uchina. Kemikali zenyewe zilitambuliwa miaka ya 1960 na 1970. Kilichofuata ni miongo ya kupima kiasi na madhara. Unga wa majani ya mstafeli haujapitia njia hiyo.

Na madhara yapo. Kisiwani Guadeloupe, katika Karibi, madaktari waliripoti mwaka 1999 kwamba ugonjwa unaofanana na Parkinson, ule wa ubongo unaoleta kutetemeka na ukakamavu wa mwili, ulikuwa umezidi miongoni mwa watu waliozoea kula stafeli na kunywa chai ya majani yake. Kemikali inayoshukiwa, anonasini, ni ndugu wa karibu wa ile ya "mara 10,000". Kula stafeli msimu wake ukifika si kosa. Chai ya majani kila siku kwa miezi ni jambo jingine. Balungi huzuia kimeng'enya kinachovunja dawa nyingi mwilini, hivyo dawa inaweza kuzidi kwenye damu, jambo lililogunduliwa Kanada kwa bahati tu. Karela ikichanganywa na sindano ya insulini inaweza kushusha sukari mpaka mtu atokwe jasho na kutetemeka. Chochote unachochemsha nyumbani, njoo nacho kliniki na pakiti yake.

Faida ya matunda inaonekana mapema zaidi, kabla ya ugonjwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, waliofuatilia watu zaidi ya 187,000 walionyesha mwaka 2013 kwamba waliokula zabibu na matofaa mazima hawakupata sana kisukari cha aina ya pili, ilhali wanywaji wa juisi walikipata zaidi. Bakuli la papai, tikiti na embe pale kwenye kibanda linakufaa kuliko gilasi iliyopita kwenye blenda na kuongezwa sukari. Lakini ukiendelea na sigara, bakuli hilo halitakusaidia sana: tumbaku inaongoza orodha ya visababishi vya saratani ya kongosho vinavyoepukika.

Macho yakigeuka manjano, uzito ukipungua bila sababu, au maumivu ya tumbo yakapenya hadi mgongoni, nenda hospitali wiki hiyohiyo.

Kuhusu papai, tunaulizwa kama linaweza kuchukua nafasi ya vidonge vya vimeng'enya, anavyopewa mgonjwa ambaye kongosho lake halitoi vya kutosha. Haliwezi. Kimeng'enya chake kiko zaidi kwenye utomvu wa papai bichi, na kinavunja protini tu, wakati kinachomshinda mgonjwa ni mafuta, ndiyo maana choo chake huelea na kung'aa. Vidonge hivyo hutengenezwa kutokana na kongosho la nguruwe, na mgonjwa Mwislamu anapaswa kuambiwa hilo waziwazi mapema, apate nafasi ya kuuliza. Humezwa na tonge la kwanza, si baada ya sahani kuondolewa.