Karakana ndogo ifungue nini, ifiche nini?

Mwaka 2018, pale Lamu, lilishuliwa jahazi la mita 9 lililoundwa kwa takataka za plastiki zipatazo tani 10, likavikwa vipande vya kandambili zilizookotwa fukweni. Ndilo Flipflopi, ambalo mwaka 2019 lilisafiri hadi Zanzibar. Wengi hulitaja wakizungumzia mazingira. Mimi kazi yangu ni kuwashauri wenye biashara ndogo na za kati, na ninachokiona pale ni namna ya kufanya biashara.

Waliokuwa na wazo hawakujua kuunda chombo. Mafundi wakiongozwa na Ali Skanda walikuwa na ujuzi wa kurithi wa mkuku na mataruma, yaani uti na mbavu za chombo, lakini plastiki si mbao: hutanuka zaidi kwa joto na hupindika ikibebeshwa uzito. Hakuna upande ambao ungefika baharini peke yake.

Ubunifu huria ndio huo. Mwanazuoni wa Marekani, Henry Chesbrough, aliueneza kwa jina hilo mwaka 2003, akizungumzia zaidi kampuni kubwa zenye maabara. Hoja yake ni kwamba maarifa yapite pande mbili: ya nje yaingie kwako, na yako usiyoyatumia yatoke yakakuletee pesa kwingine.

Kuingiza, mafundi wetu wanakujua sana. Mtu akienda Mombasa akaona kifaa kipya, akirudi tayari ana yake. Kutoa ndiko kunakoniuma. Chukua fundi wa milango ya nakshi aliyebuni namna ya kuunga fremu ili mlango ufunguliwe vipande na kusafirishwa. Mteja anamsifu, anapiga picha, anaondoka nayo. Ujuzi umetoka, pesa haikuingia, na fundi hata hajui kwamba ameuza kitu.

Dawa si kuficha kila kitu. Karakana inayoficha yote hukosa washirika, na bila washirika haiwezi kumudu mashine, vipimo wala soko la mbali. Dawa ni kuamua mapema. Kwanza, lipi mtu akilitazama tu ataliiga? Muungo wa mlango ni wa namna hiyo, na sheria ya Kenya ya mali ya viwandani ya mwaka 2001 inatoa cheti cha uvumbuzi mdogo kinachodumu miaka 10. Hataza, yaani hati kamili ya uvumbuzi (patent), hudumu 20, lakini hudai uvumbuzi usio dhahiri kwa mjuzi wa fani. Cheti hiki hakidai hivyo, mradi jambo liwe jipya na litumike kiwandani. Maombi hupelekwa KIPI, taasisi ya Kenya ya mali ya viwandani, na ni vyema yatangulie maonyesho na picha za mitandaoni.

Yapo mengine yasiyoonekana kwa macho, kama kipimo cha moto na sukari cha mpishi wa halua. Siri ya mtungi aijuaye kata. Hilo usilisajili, mweleze mshirika matokeo, usimweleze njia.

Na kabla ya kukaa na mshirika yeyote, hata awe binamu yako, andikeni ukurasa mmoja: kila mtu analeta nini, kitakachozaliwa ni cha nani, na mmoja akijitoa anaondoka na nini. Najua kwetu kuandikiana na jamaa huonekana kama kutoaminiana. Mwombeni mzee mnayemheshimu nyote awe shahidi. Karatasi iliyosomwa mbele yake haimvunjii mtu heshima.