Kabla cherehani hakijapanda ndege

Boksi lilikuwa zima kwa nje. Hakuna kona iliyobonyea. Mama mwenye mzigo alikuwa amelifungua palepale uwanja wa ndege kukijaribu cherehani chake, akalifunga tena na kuja moja kwa moja hadi kibandani kwangu hapa Mwanga, Kigoma, bila hata kupita nyumbani kunywa maji. "Fundi, hakizunguki," aliniambia. Nilipofungua nikakuta cherehani kidogo cha umeme, alichonunuliwa na binti yake Dar es Salaam, kimelalia gurudumu lake. Gurudumu lilikuwa limekaa upande kama ringi ya baiskeli iliyopiga jiwe. Nguo zilijazwa tele juu ya cherehani, lakini kati ya gurudumu na ukuta wa boksi hapakuwa na hata kitambaa cha leso.

Tangu siku hiyo sikai kimya mteja akiniambia anasafiri na cherehani.

Wengi huniuliza kama baridi ya huko juu inaharibu mota. Haiharibu. Kinachoua cherehani safarini ni nafasi tupu ndani ya boksi. Mzigo unashushwa, unatupiwa kwenye toroli, unabebana na mingine, na kila pigo linaishia kwenye kile kilichochomoza zaidi. Kwa cherehani, kilichochomoza ni gurudumu. Nyuma yake kuna mhimili mrefu unaopita ndani ya mkono wa juu, na huo ndio unaoendesha sindano na kuipa mwendo sehemu ya chini inayodaka uzi.

Hebu tazama kwa karibu kinachotokea pale chini. Sindano ikishafika mwisho wa kushuka, inaanza kupanda. Ikipanda kama milimita 2 tu, uzi unafanya kitanzi kidogo nyuma yake, na hapohapo ile ncha iliyo karibu na bobini inapita juu kidogo ya tundu la sindano na kukidaka. Pigo likipindisha mhimili au kusogeza gia, ncha inawahi au inachelewa, kitanzi kinapotea na mshono unaruka. Mwenye cherehani atabadilisha sindano tatu, nne, atalaumu uzi, kumbe tatizo alitoka nalo safarini.

Kwa hiyo fungasha hivi. Toa sindano na bobini, kile kikorokoro cha uzi wa chini. Kunja kipande cha kitenge mara nne, kiweke juu ya meno yanayosukuma kitambaa, kisha shusha mguu unaobana kitambaa ukikandamize ili mguu na meno visigongane. Toa kijiti cha kuwekea uzi kama kinatoka. Pedali usiiache huru ndani ya boksi, maana nimeona pedali ikipasua mwili wa cherehani chake yenyewe. Ifunge peke yake kwa taulo. Weka godoro la sponji chini, kisha zungushia pande zote, na upande wa gurudumu weka mara mbili. Funga boksi, litikise. Ukisikia kitu kinacheza, fungua uanze upya. Alama ya "kioo" ibandike, lakini usiitegemee.

Kichwa, yaani sehemu ya juu inayoshona, cha Butterfly au Singer cha zamani ni habari nyingine. Ni chuma cha kumimina, na chuma hicho hakipindi, kinakatika. Legeza skrubu mbili za nyuma, vua mkanda, nyanyua kichwa peke yake. Nilichopima mimi kilifika kilo 12. Miguu na meza usithubutu kuvipandisha ndege, vitangulize kwa treni. Reli ya Kati imefika Kigoma tangu 1914, na mzigo wa namna hiyo ndio kazi yake.

Sasa jambo ambalo mafundi wenzangu hulisahau: mafuta ya taa. Sote tunaoshea vyerehani kwa mafuta ya taa, lakini ni kitu kinachoshika moto na ndegeni hakiruhusiwi. Cherehani kinachonuka mafuta ya taa kinaweza kuzuiwa, na wakaguzi wa uwanjani wana haki ya kukizuia. Kioshe siku kadhaa kabla, kikaushe kabisa, kilaze usiku mmoja juu ya gazeti uone kama bado kinadondosha. Cha kiwandani chenye sinia la mafuta chini kimwagwe mafuta yote. Na pasi ya mkaa ukiibeba, isibaki hata chenga moja, kwani mkaa nao huhesabiwa mzigo wa hatari.

Usitegemee kukibeba mkononi. Mashirika mengi yanaishia kilo 7 za mkononi, na ndege za pangaboi zinazotua huku zina makabati madogo juu ya viti. Soma kilo kwenye tiketi yako kabla ya kwenda uwanjani. Kwenye mashine ya ukaguzi cherehani huonekana kama bonge la chuma, hivyo huenda ukaambiwa ufungue. Usilishone boksi ndani ya gunia, na beba gundi ya karatasi ya kufungia tena. Mkasi wa kukatia uingie kwenye mzigo mkubwa. Ulaya mkononi wanakubali makali yasiyozidi sentimita 6, Marekani kama sentimita 10, na mkasi wa fundi unavuka yote mawili.

Kama ndugu yako anakuletea cherehani kutoka Marekani, mwambie asome kibandiko karibu na tundu la waya. Kule umeme ni volti 120, huku 230. Ukichomeka bila transfoma, mota inaungua, na ndege haihusiki hata kidogo.

Ukifika, usikimbilie soketi. Kiweke mezani, zungusha gurudumu kwa mkono kuelekea kwako, polepole, mizunguko kumi, huku sikio likiwa karibu. Kikiwa laini, weka sindano mpya na ushone kipande cha kanga. Ukisikia mlio wa chuma kugonga chuma, acha hapohapo. Mama yule alikuwa ameshakichomeka mara mbili akikilazimisha, na gia iliyokuwa imesogea tu ikang'oka meno.

Nilimtafutia nyingine kwenye cherehani kibovu nilichokuwa nacho stoo. Ilinichukua siku mbili kukirudisha kwenye mwendo.