Dubu sio simba: mambo tunayodanganyana kabla ya kwenda kulala porini Montana

Shemeji yangu katua huku Missoula, Marekani, wiki iliyopita kutoka Karatu, na kitu cha kwanza alichotaka ni kwenda kulala kwenye hema hifadhi ya taifa ya Glacier, ni masaa mawili na nusu matatu hivi kwa gari kutoka hapa. Nikamwambia sawa shem, ila tuongee kwanza habari ya dubu. Akacheka. "Shem, mi nimekua fisi wanapita uani kila usiku, dubu atanifanya nini?" Basi tumebishana jioni nzima na nimeona bora niandike, maana hizi hadithi nazisikia hata kwa wenzetu Wakongo ambao wako wengi hapa mjini, kila mtu ana yake aliyoambiwa na mtu aliyeambiwa na mtu.

Dhana: ukishafunga zipu ya hema umemaliza

Hii imetoka kwetu na kwetu ina ukweli wake. Serengeti unaambiwa funga zipu, usitoke usiku, simba apite zake, na mara nyingi anapita kweli, hema kwake ni kama kichuguu tu. Dubu anafuata pua. Kitambaa cha hema kwake ni kama gazeti la kufungia maandazi, akisikia harufu ya kula anapasua aone. Na usidhani ni nyama peke yake: dawa ya meno, sabuni, diodoranti, losheni, mafuta ya midomo, pipi ya mtoto iliyosahaulika kwenye mfuko wa koti, hata zile nguo ulizokuwa umevaa wakati unakaanga. Sasa shem kaja na dagaa wa Mwanza nusu kilo, na mpango wake alikuwa awaweke chini ya mto wa kulalia wasiibiwe!! Nikamwambia hao dagaa hata jirani wa ghorofa ya juu anawasikia, sembuse dubu.

Kinachotakiwa ni kila kinachonukia kikae mbali na unapolala. Kambi nyingi zina makabati ya chuma, weka humo ufunge. Ukienda ndani kabisa kwa miguu unabeba kopo gumu la plastiki ambalo dubu hawezi kulifungua, au unaning'iniza begi la chakula kwenye mti, liwe juu angalau mita 3 na lisikaribie shina, mita 1.2 hivi, maana akipanda mti atanyoosha mkono tu. Kupika na kula pia unafanyia mbali na hema, mita kama 90.

Alafu kuna wale wanaosema we weka kwenye buti la gari utulie. Inategemea uko wapi. Glacier unaruhusiwa, gari likiwa limefungwa na vioo viko juu. Hifadhi ya Yosemite kule California ni marufuku kulaza chakula kwenye gari, kwa sababu dubu wa kule walishajua kung'oa mlango, mwaka 1998 walihesabu matukio zaidi ya 1,500 ya dubu na mengi yalikuwa ya magari. Na hao ni dubu weusi tu, aina ndogo, wale wa "upole". Grizli, ile aina kubwa na kali zaidi, California hawapo tena tangu miaka ya 1920, wamebaki kwenye bendera ya jimbo.

Dhana: dubu mweusi ni mweusi, grizli ni wa kahawia

Mimi mwenyewe hii niliiamini muda mrefu. Rangi haikusaidii, dubu mweusi anaweza kuwa wa kahawia, wekundu wekundu, hata wa manjano kama nyasi kavu. Angalia mabega: grizli ana nundu, shem hapo alielewa haraka, kama ng'ombe wetu wa kienyeji, tofauti ni kwamba ile ya grizli ni misuli ya kuchimbia. Uso wa grizli umebonyea katikati, masikio mafupi ya mviringo, kucha ndefu. Glacier wote wawili wapo, kwa hiyo sio swali la mtihani, utahitaji jibu.

Kwanini utahitaji? Kwa sababu ya ile dhana nyingine, kwamba dubu akija lala chini ujifanye umekufa. Hii ni nusu ya ukweli na nusu ya ukweli huku inaua. Kulala chini ni kwa grizli uliyemshtua, ana watoto au ana mzoga anaulinda, na ni pale anapokufikia kabisa: lala kifudifudi, begi libaki mgongoni, miguu uipanue asikugeuze, mikono ifunike shingo kwa nyuma, na usiinuke mpaka ameondoka kweli kweli. Dubu mweusi akikushambulia hulali, unapigana, mawe, fimbo, sufuria, lenga uso na pua. Na dubu yeyote, wa rangi yoyote ile, anayekunyemelea kimya kimya au anayekuja kukutoa kwenye hema usiku, huyo hajashtuka, huyo kakuona chakula, pigana naye na roho yako yote.

Kukimbia sahau. Anafika km 56 kwa saa, Kipchoge siku ile ya Vienna alipomaliza marathoni chini ya masaa mawili alikuwa anakwenda km 21 na alikuwa na viatu vya maana. Eti hawezi kushuka mlima kwa sababu miguu ya mbele mifupi, uongo. Eti haoni vizuri, anaona karibu sawa na wewe. Eti panda mti, dubu mweusi anapanda kuliko wewe na grizli nae akiamua anajaribu. Moto wa kambi haumfukuzi. Vile vikengele vya kufunga kwenye begi vinauzwa sana na havisaidii kitu, sauti yao ndogo mno. Piga makofi, ongea kwa nguvu, imba, hasa kwenye kona na karibu na mto unaopiga kelele. Sisi Waswahili kwa kuongea njiani tunashukuru Mungu hapo tuko vizuri.

Spreyi ya pilipili sasa. Shem alidhani unajipaka kama dawa ya mbu, na usicheke, wapo waliowahi kujipulizia kweli. Unampulizia dubu anayekuja, akiwa mita kama 10 hivi, lenga chini kidogo aingie kwenye wingu. Ukipulizia hema eti liwe na ulinzi, ile harufu ikishatulia inaweza hata kumvuta. Ikae kiunoni, sio ndani ya begi chini ya blanketi. Na usiinunue mji mwingine ukapanda nayo ndege, hairuhusiwi, hata kwenye mzigo wa chini, nunua ukifika. Yosemite wenyewe wameipiga marufuku, kwa hiyo soma sheria za hifadhi unayokwenda.

Dada aliniita jikoni pembeni, akauliza kwa sauti ya chini, ni kweli mwanamke akiwa kwenye siku zake asiende? Hii imesambaa sana tangu usiku mmoja wa Agosti 1967, hapo hapo Glacier, wasichana wawili wa miaka 19 waliuawa na grizli wawili tofauti, sehemu mbili tofauti, usiku uleule. Watu wakatafuta sababu kwa wasichana. Ila wale dubu walikuwa wameshazoea vyakula na takataka za watu, sehemu moja mabaki yalikuwa yanamwagwa nje karibu kila jioni na wageni wanakaa kuangalia grizli wakila. Uchunguzi wa baadaye kwa dubu weusi haukuona wanavutwa na damu ya hedhi, na kwa grizli hakuna ushahidi. Pedi zilizotumika funga kwenye mfuko, weka pamoja na takataka nyingine kwenye kabati, basi, nenda safari yako.

La mwisho lilikuwa la tarehe. Shem akasema tungoje Oktoba, si watakuwa wamelala? Wengi wanaingia shimoni kwenye Novemba, na kabla ya hapo ndo wanakula kama wana harusi, grizli anaweza kufikisha kalori 20,000 kwa siku. Madume yanaanza kutoka Machi. Kwa hiyo tumebaki na Septemba hii hii, spreyi moja kila mtu, shem anafanya mazoezi ya kuichomoa kiunoni sebuleni, watoto ndo dubu.

Dagaa wanaliwa Alhamisi. Tunaondoka Ijumaa.