Njia ya baiskeli siyo ya wazungu tu jamani

Ukitaja njia ya waenda kwa miguu na baiskeli hapa Arusha utaskia tu "hiyo ni ya wazungu na watu wa jogging". Hapana bwana. Hebu simama saa kumi na mbili asubuhi kwenye kivuko chochote cha mtoni uone nani anapita, mama ana beseni la ndizi kichwani, fundi kafunga sanduku lake la vifaa nyuma ya baiskeli kwa mpira wa tyubu, watoto wa shule viatu mkononi maana tope la masika halina adabu.

Mji wetu umekatwa na mito, Themi, Naura na wenzake inayoshuka toka Meru, so jirani unamuona ng'ambo pale lakini kumfikia mpaka uzunguke hadi barabara kubwa ugombanie nafasi na daladala na boda. Kilomita 3 kwa mguu ni kama dakika 40, kwa baiskeli robo saa hivi, bila nauli.

Atlanta kule Marekani wanageuza reli za zamani kuwa njia ya miguu na baiskeli, mzunguko wa kilomita 35 hivi unaounganisha mitaa 45. Ila nao kodi za nyumba karibu na njia zilipanda, hilo ndo la kuogopa, sio wazungu.

Na kwetu njia ikipita kando ya mto usimwage lami tu, sheria ya mazingira ya 2004 inalinda mita 60 toka ukingoni.