Neno "quiz" halikuzaliwa kwa dau la Dublin

Katika mashindano ya chemsha bongo, kuanzia shule za Kampala hadi kumbi za Gulu, kuna kisa kinachopendwa sana kuhusu neno la Kiingereza "quiz". Eti mwaka 1791 Daly, meneja wa ukumbi wa maigizo mjini Dublin, aliweka dau kwamba ataingiza neno lisilo na maana midomoni mwa watu ndani ya siku moja au mbili. Akawatuma vijana waliandike kwa chaki kutani usiku kucha. Kulipokucha, mji mzima ukawa unaulizana.

Kisa kitamu, ila tarehe zinakikataa. Shajara ya Frances Burney, mwandishi Mwingereza, ya mwaka 1782 tayari inalo neno hilo, miaka 9 kabla ya dau. Tena humo halihusu maswali hata kidogo: linamtaja mtu kituko, mwenye mambo ya ajabu.

Kitenzi chake nacho kilianza kwa maana ya kumdhihaki mtu au kumkodolea macho. Ndiyo maana miwani ya jicho moja ya zama zile, iliyoshikwa mkononi, iliitwa "quizzing glass". Maana ya kuuliza maswali ilishika karne ya 19, hasa Marekani, wanafunzi walipoulizwa papo kwa papo.

Wengine hulitoa kwenye Kilatini "qui es", yaani "wewe ni nani". Ni dhana tu. Kamusi nzito huandika kwamba asili haijulikani.